Neno Moja Mbele ya Jina la Mjane

Mwandishi mmoja, mwanamke wa kwanza katika gazeti la Weusi mjini Birmingham enzi za ubaguzi wa rangi, alimuuliza kila aliyemhoji, "Jina lako niliandike vipi?" Alhamisi moja, habari ya mjane aliyechomewa nyumba ilizidi nafasi ukurasani. Ezell, mpanga herufi katika chumba cha uchapaji chini, akaondoa "Bibi" mbele ya jina la mjane. Mwandishi akashuka ngazi mbiombio.

"Ezell, mbona umemvua nguo mama wa watu?"

"Neno moja tu, dada!"

"Magazeti ya Wazungu yanamwita Pearlie, kama mtoto. Na sisi pia? Rudisha 'Bibi', ukate jina langu."

Ezell akalikata. Habari ikatoka bila jina la mwandishi.

Kesho yake mjane alisimama mlangoni mwa chumba cha uchapaji na gazeti mkononi, akasoma kwa sauti, taratibu, "Bibi Pearlie Stokes." Akarudia. Ezell alishindwa kumtazama usoni.