Tende za Bi Zamzam zilivyotaka kuniangusha kwenye mafunzo ya uuguzi msaidizi, Ibra

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijayatia chumvi. Sukari ndiyo ilikuwa nyingi, kama mtakavyoona.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hapa mji wa Ibra, Oman. Nina digrii ya biolojia, kazi hakuna. Baba, mzaliwa wa Tabora, alichoka kuniona natazama dari, akanisukuma kwenye mafunzo ya msaidizi wa afya na huduma za jamii. Yaani yule anayewafuata wagonjwa majumbani: anapima presha, anasafisha vidonda, anaangalia kama mzee anakula na kuoga vizuri, kisha anamweleza nesi.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kabla sijabisha hodi nimeshawaza nitakavyofukuzwa.

Practical ya mwisho nikapangiwa Bi Zamzam, bibi wa Kiunguja, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni kisichopona. Daktari alitaka sukari yake ya asubuhi kabla hajala chochote, ndipo abadilishe dawa.

Kipimo kimoja tu! Nikikikosa, narudia practical nzima. Na yeye mguu unazidi kuharibika.

Siku ya kwanza nikaingia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu, kaa."

Sijafungua mkoba, sinia la tende liko mbele yangu na dele, lile birika la kahawa ya Kiarabu, pembeni.

"Bibi, hujala kitu?"

"Nile vipi? Nilikuwa nakungojea wewe." Akatia tende mdomoni.

Asubuhi imeharibika.

Kwa msiokujua huku: mgeni haulizwi shida yake mpaka ale tende na kahwa, na mwenyeji hamwachi ale peke yake. Ni aibu kubwa.

Siku ya pili nikajitia ushujaa, nikakataa tende. Bibi akafunika sinia taratibu, akaficha mkono ndani ya shela.

"Tende zangu hazikufai, damu yangu itakufaa nini?"

Nikaondoka mikono mitupu. Usiku kucha najiuliza kama nilitakiwa kukataa kwa sauti nyingine.

Nikapata akili: Jumatatu nikafunga kweli, nikamwambia nimefunga.

"Mashaallah! Na mimi hufunga kila Jumatatu. Daku leo nimekula bokoboko la ngano na asali."

Wakuu, nilitaka kulia. Mwenye kisukari, anafunga bila kumuuliza daktari, na daku lenyewe asali!

Nikiwa natoka, mkwewe Salma akanishika mkono getini. Alikuwa anacheka.

"Wewe dada unaingia mlango wa wageni, unategemea nini? Pita jikoni."

Siku ya mtihani nikaja na msimamizi wangu, Sista wa Kihindi asiyecheka. Nikamwomba tupite jikoni. Akanitazama kama nimemwambia tupite dirishani.

"Mimi ni nesi," akasema kwa Kiarabu, akaenda zake mlango wa mbele.

Nikapita jikoni peke yangu.

"Nani huko?" bibi akauliza kutoka ukumbini.

"Mimi, bibi."

"Lete hilo dele basi, tuna mgeni."

Nikaleta. Sista ameshakaa, sinia liko wazi, na mkono wa bibi unakwenda kwenye tende.

"Bibi! Mimi nimeingilia jikoni. Ni mgeni au mtoto wa nyumba?"

"Mgeni gani anashika dele? Mtoto wa nyumba."

"Basi niachie mimi nile na mgeni. Wewe pumzika."

Mkono ukabaki juu ya sinia. Akanitazama, akamtazama Sista, akaurudisha.

"Haya. Lakini ule kweli, usidonoe kama kuku."

Nikala tende, nikanywa kahwa na Sista. Nikanawa, nikavaa glavu, nikamchoma bibi kidole.

Sukari ilikuwa juu mno, hata Sista akashtuka. Siku hiyohiyo daktari akamwanzishia insulini na kumkataza kufunga. Baada ya wiki kadhaa kidonda kikaanza kufunga.

Mimi nikafaulu. Lakini Sista akanikata alama.

Kosa? Nimekula nikiwa kazini.

Tende ileile, wakuu! Isingeliwa na mimi ingeliwa na mgonjwa!

Nilichojifunza: ukiingia nyumba ya mtu, jua kwanza umepokelewa kama nani, ndipo ufungue mkoba. Ila ukishakuwa mtoto wa nyumba, hakuna kurudi. Mpaka leo nikienda kumsalimia Bi Zamzam sipewi hata kikombe. Naambiwa vikombe viko kwenye sinki, nivioshe.

Mnaofanya kazi za majumbani, hebu niambieni, alama zile zilikuwa haki? Bado naziwaza.