Beseni la Mzazi

Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani wakati wa mbalamwezi. Asubuhi ya kwanza waliporudi kutoka ziwani baada ya mapumziko hayo, wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi walikuwa na mchezo wao. Kila mmoja alileta kopo la dagaa wakavu na kukisia chombo cha kwanza kitashusha mabeseni mangapi. Aliyekaribia zaidi alichukua makopo yote. Asiyeanika pale mwaloni, ufukweni vyombo vinaposhusha, hakucheza, hata awe mke wa nani.

Mama yangu ndiye aliyehesabu, akitia kokoto kwenye pindo la kanga kwa kila beseni. La kwanza hakulitilia kokoto. Hilo lilikuwa la mzazi, mwanamke wa mwaloni aliyejifungua karibuni. Mwenye chombo alilitoa bure, kwa kuwa mchezo ulimvutia wanunuzi wote.

Mwaka jana akaja afisa wa halmashauri na karatasi. Akasema ile ni kamari na hatuna leseni. Mama mmoja akamwambia, "Baba, hata wewe mama yako alikunywa mchuzi wa beseni la mzazi." Watu wakacheka. Yeye akabeba makopo yote, eti ushahidi. Mpaka leo sijasikia ushahidi huo ulitolewa wapi.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuwa amejifungua. Chombo cha kwanza kilipofika hapakuwa na mchezo wala umati, na mwenye chombo akauza mabeseni yote. Sikumlaumu sana. Hasira yangu ilikuwa kwingine.

Mwezi uliofuata binamu yangu anayeuza simu Mwandiga alinionyesha programu mpya. Swali liliandikwa hivi: chombo cha kwanza Kibirizi kitashusha zaidi ya mabeseni arobaini? Ndiyo au Hapana. Watu wa miji ambayo haijawahi kunusa dagaa wabichi walikuwa wameweka fedha.

Nikaenda kwa afisa na simu mkononi.

"Hiyo si kamari," akasema. "Hilo ni soko la utabiri."

"Na mama zetu walikuwa wanafanya nini, mheshimiwa?"

"Wale hawakuwa na kibali."

"Na hawa walikiomba wapi?"

Akaniambia programu ya simu haihusiani na ofisi yake. Mchezo uliochezewa mbele ya macho yake ulimhusu. Uliotuchezea sisi kutoka mbali haukumhusu.

Chombo cha kwanza kilipofika, kijana mwenye fulana ya kampuni ya programu ile alikuwa amesimama mchangani. Alikuwa ameambiwa hesabu ya kuaminika iko kwa mama yangu. Na kweli mama alikuwa amehesabu, kwa mazoea tu.

"Shikamoo, mama. Naomba idadi ya mabeseni."

"Marahaba. Nikutajie pamoja na la mzazi au bila la mzazi?"

"Beseni ni beseni, mama."

Wanawake wakapiga kelele. "We kijana, uliokotwa?" "Mwacheni, huyo alizaliwa kwenye simu!"

Mama akafungua pindo la kanga na kumwaga kokoto majini. "Kamuulize afisa wako," akasema. "Kwangu alisema kuhesabu ni kosa."

Kelele zile zilivuta wanunuzi wakazunguka chombo, kama zamani. Mwenye chombo aliwatazama, akamtazama mama, kisha akasukuma beseni moja kando kwa mguu. Mfanyabiashara wa Ujiji akauliza bei yake. "Hilo lina mwenyewe," mama akajibu. Tukalibeba hadi Kasingirima kwa mdogo wangu, likiwa limechelewa mwezi mzima.

Jioni simu ilitangaza jibu: Ndiyo. Nani alihesabu, na kama alihesabu na la mzazi, haikusema.

Mbalamwezi iliyofuata ilipokwisha, kijana hakuja. Kampuni ilikuwa imegundua namna ya kupata jibu bila sisi. Hapakuwa na ugomvi wala umati. Mwanamke wa mwaloni, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amejifungua mapacha. Nilisimama pale nikaangalia beseni la kwanza likipimwa na kuuzwa, kama mengine yote.