Sabuni Iliyotoa Jasho

Asubuhi moja ya mvua, hapa Nyalenda, kando ya ziwa, nilikuta sabuni zangu za chumvi zimejaa matone. Nilidhani kostiki, ile soda kali tunayopikia sabuni, haikushikana na mafuta na sasa inatoka. Na jirani yangu alikuwa ameshachukua kipande cha kumwogeshea mtoto wake mchanga. Mtu asiniambie eti ningetulia.

Mama yangu, aliyenifundisha kazi hii, alipima sabuni kwa ulimi: ikikurusha kama betri, ngozi itaungua. Nililamba moja. Chumvi tupu. Ilikuwa imevuta unyevu wa ziwa, kwa sababu mimi, kichwa kigumu, nilizianika sabuni dirishani.

Lakini kipande cha jirani sikuwa nimekionja. Nilikimbia kwake. Kutoka mlangoni nilimsikia mtoto akilia kwa nguvu. Nikaokota sabuni kwenye beseni, nikailamba mbele ya mama yake.

“Mama, kwani leo hujala?” jirani akaniuliza.

Chumvi tupu. Mtoto alikuwa na njaa. Alipewa titi, akanyamaza. Mimi ndiye niliyelia nikashindwa kunyamaza.