Kioo cha Kisogoni

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, draya iliyonguruma kama mzee mwenye kifua, na benchi la wanaosubiri ambalo halikuwahi kukaa tupu. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa cha kuonyesha uso. Kioo cha kuonyesha kisogo kilikuwa kidogo, cha mkono, mpini wake umezungushiwa uzi mwekundu pale ulipopasuka, na hicho hakukishika mtu mwingine isipokuwa mwenye saluni.

Mwenye saluni aliitwa Kaza. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kwa neno alilowaambia wateja tangu msuko wa kwanza hadi fundo la mwisho: kaza shingo. Mteja akivuta hewa kwa meno, anaambiwa akaze shingo. Akidondosha chozi, anaambiwa akaze shingo, inayouma ndiyo inayoshika. Na kweli zilishika. Rasta za Kaza zilikaa kichwani mpaka mwenyewe akazichoka. Mtaani walisema mtu akitoka kwake hawezi kukonyeza, maana kope zimefuata nyusi na nyusi zimefuata nywele. Kaza akiusikia utani huo alicheka mpaka akashika meza. Alijua ni sifa.

Alikuwa mtu wa watu. Mfuko wa aproni yake haukukosa pipi za watoto waliobebwa na mama zao. Mwanamke akiugua, Kaza alimfuata nyumbani na kumsuka akiwa amelala, bila kuombwa, na kwa hao wagonjwa tu ndipo mkono wake ulipolegea. Mdomo wake nao ulikuwa mtamu. Hakuna aliyeinuka kwenye kiti chake bila kuambiwa amependeza. Neno hilo lilikuja na huduma, kama kupanguswa vinywele shingoni.

Usiseme hilo ni jambo dogo. Uongo mkubwa una mahakama yake na jela yake. Huu mdogo, mtamu, wa kila siku, hauna hata mtu wa kuukemea, na ndio unaokaa nasi mezani.

Aliyeukemea alikuwa nesi mstaafu. Huyu alifundisha yoga asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, katika ukumbi wa ghorofani uliojaa viti vibovu, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu wa Pumzi. Kaza alipanda ngazi zile kwa ajili ya miguu tu, kwa kuwa ilivimba kwa kusimama. Mumewe, fundi rangi, alimtania kwamba atarudi nyumbani siku moja amkute mkewe amejifunga fundo sebuleni, na yeye hajui aanzie wapi kumfungua.

Kaza alijifunza yoga kama alivyosuka. Akiambiwa ainame, aliuvuta mgongo mpaka ukalia. Siku moja Mwalimu akamwekea kiganja begani. "Mwili umekwambia basi," akasema, "na wewe unauambia bado. Mmoja wenu ni mwongo."

Wenzake walicheka, lakini Mwalimu hakuwa anatania. Aliwakalisha chini akawaeleza kwamba yoga haianzii miguuni. Kabla ya miguu kuna kanuni za kuishi na watu. Ya kwanza ni ahimsa, kutodhuru. Inayofuata ni satya, ukweli, nayo si kuuchunga mdomo peke yake: unachokijua, unachokisema na unachokitenda kwa mikono yako viwe ndugu wa tumbo moja. Tena ukweli huo utembee nyuma ya dada yake aliyetangulia, usije ukageuka jiwe la kuwapiga watu. Akawaambia wajaribu, na waanzie pale wanapopatia riziki, maana hapo ndipo uongo huwa umeshajenga nyumba na kuezeka.

Kaza akaishika kanuni kwa mikono miwili. Mteja wa kwanza kuuliza kama rangi nyekundu imemkubali aliambiwa misuko imenyooka ila rangi imegombana na uso wake. Yule mama akauliza ipi itapatana nao, wakaichagua pamoja. Mwingine alinuna akaondoka kichwa kimesukwa nusu, kitambaa juu. Nyumbani fundi rangi aliuliza sebule aliyoipaka inaonekanaje, akajibiwa inafanana na dawa ya kikohozi. Akaipaka upya huku akinung'unika kwamba afadhali mke aliyejifunga fundo kuliko huyu aliyefunguka.

Lakini kulikuwa na kichwa kimoja ambacho kanuni ile haikukigusa. Kichwa cha wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa fundi rangi, muuza vitambaa, mjane mcheshi mwenye sauti ya kuita watu toka upande wa pili wa barabara. Kaza alipoingia katika ukoo ule akiwa bibi harusi asiyejua hata kuwasha jiko la watu, ni wifi aliyezificha sufuria zake zilizoungua. Kaza alipofungua saluni na benchi likakaa bila mtu, ni wifi aliyekuja akakaa kwenye kiti, akasukwa, kisha akakitembeza kichwa chake mtaani kama tangazo. Tangu hapo hakusukwa na mkono mwingine, isipokuwa mara moja Kaza alipokuwa mgonjwa, akaenda kutiwa dawa ya kunyoosha nywele kwa Mama Dawa, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara.

Na nyuma ya kichwa kile kipenzi, juu kidogo ya shingo, palikuwa na kipara cha ukubwa wa kiganja. Kaza alikiona tangu kilipoanza, nywele zikipungua kama kitambaa kinachochakaa magotini. Wifi alipopapasa na kuuliza mbona pale pepesi, aliambiwa nywele za pale ni laini, zimelala tu. Alipotaka kuona, Kaza alikishika kile kioo cha mkono, akakipinda kidogo, akaweka kidole gumba mahali fulani ukingoni pa kukiziba kipara, akakipitisha upesi kama ndege anayekatiza dirishani. Safi? Safi. Mtu hakioni kisogo chake. Wifi alikijua chake kwa hisani ya mkono wa Kaza.

Sasa wifi alikuwa anaolewa tena, na fundi saa, bwana mpole aliyesikiliza saa kuliko watu. Alasiri moja akaja kufumuliwa rasta za zamani, akatangaza mbele ya benchi zima kwamba siku ya ndoa anataka nywele zote zipandishwe juu, shingo iwe wazi, fundi saa aone alichokipata.

Mikono ya Kaza ikasimama. Ukumbi mzima ungekiona kile kipara kabla ya mwenyewe kukijua. Akachukua kioo cha mkono. Kidole gumba kikaenda mahali pake kwa mazoea. Akakiondoa, akakinyoosha kioo sawasawa, akangoja.

Wifi alitazama kwenye kioo kikubwa.

"Nini hiyo?"

"Kipara, wifi. Kina muda."

"Na wewe ulikuwa unakiona."

"Nilikuwa nakiona. Nilikuwa napinda kioo."

Wifi alipeleka vidole nyuma, akapapasa polepole kama anayepima kitambaa cha mteja. Halafu uso wake ukabadilika, kwa sababu alikuwa amempata mwenye kosa. Ni yule Mama Dawa. Dawa yake ilimchoma siku ile, yeye akanyamaza kwa adabu. Kumbe ndiyo iliyoila mizizi. Akamgeukia Kaza athibitishe.

Hapo Kaza alikuwa na pumzi ya kutosha kusema. Akasema, "Nywele zina mambo yake."

Ni sentensi safi. Ichunguze utakavyo, hutaukuta uongo ndani yake. Benchi likaitikia, mmoja akaongeza kisa cha shangazi yake aliyebabuka utosi, na wifi akajifunga kitambaa, akatoka mabega mbele.

Kaza akarudi kwa mteja wa kiti cha pili, aliyekuwa amesukwa nusu. Kwanza alijihisi mwepesi. Aliwaza atakavyomsimulia Mwalimu jinsi alivyonyoosha kioo. Ndipo akatazama kioo chenyewe, ambacho bado alikuwa amekishika. Kidole gumba kilikuwa kimerudi palepale.

Kila msusi huanzia kisogoni. Anaanzia huko vidole vikiwa na nguvu mpya, akipanda kuelekea usoni anakuwa ameshachoka. Kwa hiyo kisogo ndicho kinachovutwa kuliko paji, na msusi mwenye mkono mzito hukivuta zaidi, mwezi baada ya mwezi, mpaka nywele zinaaga. Dawa haichagui kiganja kimoja cha kichwa. Kaza aliyajua hayo, na kipara kilikuwapo kabla wifi hajavuka barabara ile. Aliyajua hata pumzi ile alipokuwa anasema nywele zina mambo yake.

Akatoka mbio, ndala moja mguuni, nyingine imebaki chini ya kiti.

"Kaza, na mimi je?" mteja akamwita.

"Kaza shingo, narudi."

Kwa Mama Dawa mambo yalikuwa yamechemka. Wifi alikuwa amesimama mbele ya sinki, mikono kiunoni, akiwaeleza waliokuwepo jinsi mtu anavyoweza kuua kichwa cha mwenzake kisha akamsalimia kila asubuhi. Mama Dawa, mwanamke ambaye kwa miaka yote Kaza alimsalimu kwa kidevu tu, alikuwa na glavu nyeupe kwa dawa, na nyuma yake msichana mwenye dawa kichwani alikuwa ameanza kupepea utosi kwa mikono. Mama Dawa hakuwa anajitetea. Alikuwa anaomba apishwe kwenye sinki amsuuze mtoto wa watu kabla hajaungua.

"Wifi, mwache," Kaza akasema toka mlangoni. "Si yeye. Ni mimi."

Akayasema yote, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. Kwamba anaanzia kisogoni na anavuta. Kwamba kichwa kilisema kinauma naye akakijibu kaza shingo. Kwamba nywele zilipoanza kuondoka aliziona, akapinda kioo, na kwamba sasa hivi, jina la mwenzake lilipotajwa, alichagua maneno ya kujificha nyuma yake.

"Nimekuonyesha kidonda," akamaliza, "nikakuficha kisu."

Sauti ya wifi ikashuka, na ile sauti ikishuka ni msiba. "Mkono uleule niliowasifia watu," akasema. Akapita kati yao, akaenda zake.

Mama Dawa alikuwa ameshamkimbiza msichana sinkini. Bila kugeuka, maji yakimwagika mpaka viwikoni, akasema, "Kaza, hebu nishikie taulo." Kaza akaishika. Walimsuuza yule msichana pamoja, na hawakusalimiana tena kwa kidevu tangu siku hiyo.

Habari ilitembea mtaani haraka kuliko wifi alivyowahi kukitembeza kichwa chake. Wateja wengine walihama. Wengine walikuja wakiwa wamefinya midomo, wakageuza viti na kudai kuonyeshwa visogo vyao, naye akawanyooshea kioo mmoja mmoja. Alifumua ule uzi mwekundu wa mpini, akaona umekwisha kwa ndani, akafunga mwingine. Akaanza kuwasuka wazima kama alivyowasuka wagonjwa. Rasta zake sasa zililegea mapema, benchi likapata mapengo, na watani wakambatiza upya wakamwita Legeza. Aliitika.

Wifi hakuja. Fundi rangi alitangaza kwamba yeye ni kaka wa mmoja na mume wa mwingine, hatakuwa tarishi wa yeyote. Lakini akitoka kwa dada yake alisema hajambo, na akienda huko alisema hajambo, na hajambo hizo mbili ndizo zilizobaki za urafiki ule. Asubuhi moja ukumbini, walipoambiwa walale chali watulie, Kaza alilia mpaka masikio yakajaa maji. Mwalimu alimfunika shuka, akaendelea kuhesabu pumzi za wengine.

Siku moja kabla ya ndoa, Kaza alikuwa anafagia alipoona viatu anavyovijua vimesimama mlangoni. Wifi akaingia, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, akafungua kitambaa. Nywele alikuwa amezikata zote, fupi kabisa, mvi zikichungulia hapa na pale.

"Sikuja kusukwa," akasema.

"Naona."

"Kesho kila mtu ataniambia nimependeza. Waongo wote. Hata yule fundi saa, mapenzi yamempofusha. Nimekuja kukuuliza wewe."

Kaza akaweka ufagio. Hakuharakisha. Alikizunguka kiti, akainama, akasimama, akauliza nani aliyekata upande wa sikio la kushoto. Wifi akasema ni yeye mwenyewe. Kaza akamwambia inaonekana, akachukua mkasi akasawazisha. Kisha akanyanyua kioo cha mkono, akakinyoosha, kidole gumba mbali na ukingo.

"Kipara bado kipo," akasema. "Pembeni vinywele vimeanza, sijui kama vitafika. Mtu akikitafuta atakiona. Na umependeza, wifi."

Wifi alikitazama kisogo chake kwa utulivu, kama mtu aliyetambulishwa kwa jirani wa zamani. Halafu akayainua macho kwenye kioo kikubwa, akautazama uso wa Kaza, akautafuta kila kona.

"Rudia."

"Umependeza."

Tone la maji likaanguka kwenye ule utosi mfupi, likafuatiwa na jingine. Wifi akapeleka mkono nyuma, akaukamata mkono wenye kioo, akaushikilia hapohapo ulipo.

"Basi kaza shingo," akasema, "unanilowanisha."