Mama Washa na Chumba Kilichofutwa

Saa tatu asubuhi, Mama Washa, fundi wa kompyuta, ameinamia mashine iliyogoma kuwaka. Kioo ni cheusi ti, kina mstari mmoja tu: mfumo haujapatikana. Kwenye stuli pembeni yake, mshonaji wa mtaa wa pili ameshika tama.

"Shoga, kwani nilifanya nini?"

"Sema wewe. Mimi sikuwepo."

Mshonaji anacheka, huku machozi yanamlengalenga. Diski ilijaa, akaona ndani yake kuna sehemu ndogo isiyo na jina wala faili. Akaifuta apate nafasi. Alipozima kompyuta, haikuwaka tena. Humo mna michoro ya kila mshono aliobuni, na hana nakala popote.

"Diski ni nyumba yenye vyumba," fundi anamweleza. "Michoro yako iko sebuleni, imetulia. Wewe umebomoa kijumba cha mlinzi mwenye funguo. Kompyuta ikiamka humtafuta yeye kwanza, aufungulie mfumo mlango. Asipokuwepo, itaanzia wapi?"

Zamani Mama Washa alikuwa mchapaji wa barua ofisini. Kompyuta zikigoma, ofisi nzima ilikaa kumngoja fundi asiyefika, naye akachoka kungoja, akaanza kuchokonoa mwenyewe.

"Mume wangu alisema nitapigwa shoti," anakumbuka. "Leo ananitangaza kuliko redio!"

Anachomeka flashi yenye mfumo wake, kompyuta inaamkia huko. Kwanza ananakili michoro yote kwenye diski nyingine. Hapo hana haraka, hata umpigie magoti. Kisha anatenga upya ile sehemu ndogo na kuirudishia programu ya kuwashia.

Halafu anachomoa flashi na kuondoa mikono mezani. Mwenye mashine ndiye anayewasha, na jina lake la mtaani lilitokana na hilo.

"Haya, washa."

"Washa wewe, naogopa."

"Siwashi ng'o!"

Mshonaji anabonyeza. Kioo kinabaki cheusi. Kisha mwanga unajaa, na michoro ile pale, mmoja baada ya mwingine. Mshonaji anamkumbatia fundi, ambaye bado ameshika flashi.

Mama Washa ana furaha tele. Anatamani kukodi chumba cha jirani, awafundishe wenye kompyuta kuzijua kabla hawajazifuta.

"Mwanafunzi wa kwanza ni mimi," mshonaji anasema. "Ada nitalipa kwa mapazia."

"Nimekubali. Ila mpaka siku ya somo la kwanza, mwenzangu, usifute kitu!"