Ubavuume na Ubavuke

Niliambiwa mbele ya mteja kwamba sijui kulia na kushoto. Aliyesema ni mwenye karakana niliyofanyia kazi, kando ya Jogoo Road, katikati ya miaka ya tisini. Pembeni yake alisimama mpwa wake, mikono nyuma, ilhali ndiye aliyefuta hiyo kulia na kushoto. Nimesamehe mengi maishani. Hilo bado.

Karakana yetu ilitengeneza makabati ya kuunganishwa chumbani. Nyumba za mitaa yetu, kuanzia Kaloleni nilikozaliwa mpaka Mbotela, zilijengwa na mkoloni kwa ajili ya mtu mwenye kitanda kimoja na sanduku. Mlango mwembamba, na ukishaingia huna pa kugeukia. Nimeona makabati ya maharusi yakilala nje chini ya nailoni huku wajomba wakibishana kama fremu ya mlango ing'olewe au la. La kwetu liliingia vipande vipande, likasimamishwa ndani. Wazo lilikuwa langu, na Mzee, ndivyo tulivyomwita mwenye karakana, hakuchoka kulisimulia kama lake.

Alipoleta kompyuta, iliyokwisha kuchakaa kwenye ofisi fulani mjini, niliketi nayo mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea uchoraji. Mafundi walinitania kwamba nimeolewa na televisheni. Niliwaacha. Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda ile.

Kila kipande nilikichora peke yake, kwenye faili yake. Vipande vya droo vilikaa kwenye folda ya droo, vya mlango kwenye folda ya mlango. Kisha kulikuwa na mchoro wa kabati zima, ambao wenyewe haukuwa na mstari hata mmoja: uliviita tu vile vipande, kila kimoja kikaja kukaa mahali pake. Nikirekebisha mguu mmoja kwenye faili yake, kila kabati lenye mguu ule limerekebika. Nilikuwa nikitazama jambo hilo likitokea na kucheka peke yangu.

Shida ilikuwa majina. Kompyuta za siku zile zilikubali herufi nane kwa jina la faili, hata ungelia. Ubavu wa kulia wa kabati nikauita UBAVUKUL, wa kushoto UBAVUKUS. Si majina ya kumpa mtoto, lakini yalisema jambo moja tu, na fundi mkuu alikuwa ameyazoea.

Kisha akaja mpwa. Alikuwa ametoka kumaliza kozi ya kompyuta, na kanisani kwao alikuwa mwenyekiti wa vijana. Mzee akasema atanisaidia. Nikaenda kijijini kwetu, magharibi, kumzika nyanya yangu, na niliporudi nikaukuta huo msaada. Folda zote alikuwa amezivunja akamwaga kila kitu kwenye mchoro mmoja, mlango na droo na miguu, kama mahindi na maharagwe kwenye githeri. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba sasa ni rahisi maana kila kitu kinaonekana. Kilionekana, kweli. Jaribu kutoa kipande kimoja.

Zile mbavu mbili aliona zinafanana, kwa hiyo alifuta mmoja. Aliobakiza akauchapisha kwenye karatasi moja na kuuandikia majina mawili, ili fundi ajue za kukata ni mbili. Na majina yangu hakuyataka. Kul na kus, alisema, si Kiswahili. Akaandika UBAVUUME na UBAVUKE. Mkono wa kuume ni wa kulia, mkono wa kike ni wa kushoto. Kila aliyekaa kanisani anajua Bwana ameketi mkono upi. Sikatai, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Ila alikipeleka mahali ambapo maneno hayo yalikuwa na wenyewe tangu zamani. Kwa fundi wa mbao, dume ni ubao wenye ulimi, na ke, yaani jike, ni ubao wenye tundu la kuupokea ulimi huo. Mbavu zetu zote mbili zilikuwa na ndimi, juu na chini. Matundu yalikuwa kwenye ubao wa dari na ubao wa sakafu.

Niliwaambia. Niliwaambia wote wawili, nimesimama, na sikunong'ona. Mzee akajibu kwamba watu wazima hawashindwi na majina, na kwamba kwa sasa nikasimamie vanishi, mpwa aizoee mashine. Kwa hiyo nilikuwa kwenye vanishi, brashi mkononi, nilipomsikia fundi mkuu akimuuliza mpwa.

"Boss, hii ke ndio ile ya matundu, ama?"

"Ee," mpwa akasema, na hakuinua macho. "Si uko na karatasi."

Kuuliza si ujinga, na fundi aliuliza. Yeye simlaumu. Nami nilikuwa nimeshasema langu; nikaendelea kupaka.

Kabati la kwanza la karatasi hiyo tulilipeleka Mbotela, Mzee na mpwa na sisi wengine, kwa mwalimu wa shule ya nasari. Alikuwa amesafisha ukuta mmoja wa chumba chake, amekunja nguo zote kitandani, na amewaambia majirani waje waone. Wawili walikuja, wakasimama mlangoni. Mafundi wakalaza ubao wa sakafu, wakasimamisha ubavu wa kulia, ukaingia vizuri mpaka Mwalimu akapiga makofi. Wakaleta wa kushoto. Tundu likakutana na tundu. Hakuna kilichoingia popote. Fundi mkuu akaugeuza juu chini, halafu nyuma mbele, kisha akaushikilia kwa goti na kututazama.

Mwalimu akauliza kuna nini. Ndipo Mzee aliponielekezea kidole akasema haya ndiyo matunda ya kumpa msichana mashine, hajui kulia na kushoto. Majirani wakacheka. Nilijua kwamba nikinyamaza pale, nimeipoteza ile meza, na ile kompyuta, na kila kitu nilichokipanga ndani yake.

"Mzee," nikasema, "ke ni nini?"

Alishangaa. "Si kushoto."

Nikamgeukia fundi mkuu, ambaye bado alikuwa ameushikilia ubao kwa goti.

"Fundi, ke ni nini?"

"Si ni ya matundu, sista. Niliuliza, nikaambiwa ni hivyo."

Nikawauliza ni nani aliyeandika ke. Macho yote, pamoja na ya Mwalimu, yalikwenda kwa mpwa, naye akawa anachunguza viatu vyake. Mzee akatazama ubao, akatazama karatasi, akatikisa kichwa taratibu. Mtu huyo hakuwa mjinga.

"Nimeona," akasema. "Wewe ulikuwa sawa. Lakini huyu ni mtoto wa dada yangu. Atabaki na mashine, na wewe utakuwa ukimwonyesha vitu viko wapi."

Alilisema bila hasira, tena kwa sauti ya mtu anayenifanyia hisani. Laiti angekataa! Mtu akikataa ukweli, mnabishana mpaka mmoja achoke. Huyu aliukubali mbele ya mashahidi, neno kwa neno, na haukunisaidia hata kidogo. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini mimi nilitaka tu kuchora makabati.

Kisha akaniambia nikimbie karakana nikalete msumeno, huo ubavu urekebishwe palepale. Nikasema haya, Mzee. Nikapita katikati ya wale majirani, nikatoka hadi barabarani, nikashika njia ya nyumbani, Kaloleni. Kama bado wanaungoja huo msumeno, wangoje.