Upepo Ambao Sikumwambia Nyangi

Niseme wazi tangu mwanzo: nilianza kumwonea Nyangi gere kabla hajanizidi chochote. Tulikutana shule ya urubani Nairobi, watu wawili wa Migori katikati ya watoto waliokuja darasani na magari yao. Mimi natoka Uriri, ambako baba aliuza ekari mbili za miwa ili nisomee kuruka. Nyangi ni Mkuria wa Kegonga, na karo yake ilitoka zizini. Waliuza ng'ombe ambao kaka zake wangetolea mahari, na kaka watatu wakakaa bila wake ili dada yao aende angani. Niliposikia hilo roho iliniuma. Shamba la baba lilikuwa shamba tu, lakini wale ng'ombe walikuwa wake za watu.

Akaruka peke yake siku nne kabla yangu. Siku nne! Desturi ya shule ni kwamba mwanafunzi akitua peke yake mara ya kwanza anamwagiwa maji, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshika ndoo. Nilicheka kwa meno tu, na maji niliyommwagia nilihakikisha ni baridi.

Leseni tulipata mwezi uleule, kila mtu na masaa yake mia mbili ya kuruka. Ndipo tukagundua kitu ambacho shule haikutuambia: kampuni za ndege haziajiri leseni, zinaajiri masaa, na masaa huyapati bila kuajiriwa. Tulipeleka barua mpaka tukachoka. Kisha Nyangi akasikia kuna nafasi mbili Sudan Kusini, za msaidizi wa rubani kwenye ndege za kubeba magunia ya chakula, kutua kwenye viwanja vya matope. Alinipigia simu siku hiyo hiyo. Mama yangu, Zilpah, alilia siku tatu.

"Nyathina, mwanangu, watu wanapigana huko. Wewe unaenda kutafuta nini?"

Nikamwambia Nyangi kwamba mama amekataa. Ukweli ni kwamba niliogopa, na machozi ya mama yalinifaa. Akaenda peke yake.

Mimi nikapata kazi Homa Bay, kwenye uwanja mdogo wa ndege. Cheo kilikuwa mwakilishi wa kituo wa kampuni ya ndege. Maana yake ni kupima abiria na mizigo kwenye mizani, kubishana na wenye maboksi ya samaki, kufukuza ng'ombe waliolala kwenye lami, halafu kushika redio na kumwambia rubani upepo unatoka wapi. Pale hakuna mnara wa kuongozea ndege. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, lakini ikifika saa tano au saa sita ziwa huugeuza, tena kwa ghafla, na anayeweza kumtahadharisha rubani ni yule aliyesimama pale chini. Kwa miaka minne mtu huyo alikuwa mimi.

Mwaka jana kampuni yetu ikaongeza ndege tatu kubwa za panga boi. Tulizoea Karavani, ndege ndogo ya viti kumi na viwili. Hizi mpya zilikuwa na viti thelathini na saba. Sisi wenye leseni za kukaa kabatini tulidhani neema imefika, na kwenye kundi letu la WhatsApp watu walitumiana picha za ndege hizo kama za mchumba. Kisha likatoka tangazo: masaa elfu moja na mia tano. Hata marubani wa Karavani waliingiwa na baridi, kwa sababu ndege zao zilikuwa zinauzwa na si wote waliochaguliwa kufundishwa zile kubwa. Mimi niliomba hivyo hivyo. Jibu lilikuwa mstari mmoja.

Nyangi, aliyekuwa amejaza masaa yake Sudan Kusini, aliomba akachukuliwa. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba ana mjomba mkubwa Nairobi. Nyangi hana mjomba Nairobi.

Siku ya kwanza alipotua Homa Bay akiwa na ile mistari ya urubani begani, alishuka ngazi akinicheka kama zamani.

"Paul! Bado unakula ugali na kijiko?"

"Karibu, madam," nikasema, na hilo neno madam nililitoa kwa taabu. Wauza samaki wa langoni waliacha beseni zao wakaja kupiga picha naye. Mama yangu mwenyewe alipanda gari kutoka Uriri wiki iliyofuata ili amwone. Akamshika mikono yote miwili, akageuka akaniambia, Nyangi akisikia: "Hii ndiyo mtoto. Kuna wazazi wamebarikiwa." Halafu akaniuliza kama nimekula. Nilikwenda nyuma ya ofisi nikapiga teke ukuta, na kidole kikavimba.

Nyangi alikuwa bado kwenye majaribio. Mtihani wake wa mwisho uliwekwa Alhamisi, safari ya kutoka Migori kuja kwetu, na aliyekaa kando yake kumpima alikuwa Kapteni Onsongo, mtu asiyesamehe hata kofia iliyokaa upande. Akipita, kiti ni chake. Akianguka, wapo wengi wa kukikalia.

Walipokuwa dakika kumi mbali, Nyangi aliniuliza upepo. Nikampa: mwepesi, kutoka nchi kavu. Ilikuwa kweli. Halafu, nikiwa bado nimesimama pale, ile soksi ya upepo kwenye mlingoti ikalegea, ikaning'inia, kisha ikajaa kuelekea upande wa pili. Ziwa lilikuwa limegeuza. Sasa Nyangi alikuwa anakuja kutua upepo ukimsukuma mgongoni.

Redio ilikuwa mkononi na kidole gumba kwenye kitufe. Muda nilikuwa nao. Nikajiambia, acha atue vibaya kidogo mbele ya Onsongo, na yeye aonekane binadamu. Kidogo tu. Ndani ya ndege mlikuwa na abiria thelathini na mmoja, na hao sikuwafikiria hata kidogo. Nilikuwa namfikiria Nyangi.

Ndege ilielea juu ya lami, ikaelea, ikagusa ikiwa imeshamaliza nusu ya uwanja. Breki zikalia. Gurudumu la mbele lilitoka kwenye lami likaingia kwenye nyasi, na hapo ndipo iliposimama. Hakuna aliyeumia. Abiria wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ndege kubwa zinavyotua.

Onsongo alishuka akaja moja kwa moja nilipokuwa, Nyangi nyuma yake.

"Mimi nilikuwa kwa ile redio ingine, naongea na Kisumu," akamwambia Nyangi, akininyooshea kidole. "Huyu alikupa upepo mpya?"

Nyangi aliniangalia.

"Alinipa, Kapteni. Ni mimi nilichelewa kushika."

Onsongo akaandika, akafunga kitabu chake, akaondoka. Nyangi alisubiri hadi tukabaki wawili.

"Uliona imegeuka?"

Nikaitazama ile soksi ya upepo.

"Sawa," akasema. "Mimi niko na masaa, Paul. Wakinitoa narudi Juba. Wewe wakikutoa hapa utaenda wapi?"

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningepona. Alisema taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi, na huruma ile iliniunguza kuliko mistari ya begani, kuliko mama yangu kumshika mikono. Masaa alikuwa nayo, kiti alikuwa karibu kukipata, na sasa alitaka pia kuwa yule mwema, na mimi nibaki nikimshukuru mpaka kaburini. Hapana. Hicho nilikataa.

Jumamosi ofisi kuu ilileta fomu ya kituo. Swali la sita liliuliza: upepo ulipobadilika, rubani alijulishwa? Niliandika hapana. Chini yake nikaongeza kwamba niliuona ukigeuka na nikanyamaza kwa makusudi, nikatia sahihi.

Walinifukuza Jumatatu. Nyangi alirudia mtihani, akapita, na sasa yuko kwenye kile kiti. Uriri habari ilifika kabla yangu, na wananisifu dukani na kanisani, kwamba kijana wa Zilpah alikubali kupoteza kazi kuliko mwenzake aonewe. Wengi hawataki kabisa kukumbuka ile sehemu ya kunyamaza. Mimi siwakumbushi.

Nyangi alinipigia jioni alipopata barua yake ya kazi. Alikuwa analia.

"Kwa nini ulijichoma, Paul?"

"Kwa sababu ni ukweli."

Akasema: "Mimi singeweza. Nakuambia haki, hiyo wewe umenishinda."

"Mtandao ni mbaya," nikamwambia. "Sema tena."

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Akasema tena.